Baridi ya Molo Hajajibu

Nyumba za Reli,
Nakuru.
16 Machi 1957

Kwa mpendwa Baba Baridi,

Juu ya bahasha nimeandika Kipkemei arap Kosgei ili watu wa posta wasikucheke, lakini humu ndani niache nikuite kama nilivyokuita nikiwa mtoto. Hujambo? Mama Jepkoech hajambo? Kifua chako kinakuachia nafasi wakati huu wa mvua? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini sauti yake haijaugua hata siku moja.

Baba, nina habari ya furaha! Jana nilikuwa dukani kwa Mhindi nikishona sare za shule, akaingia msichana mrefu kutafuta kitambaa. Mhindi akamwambia kitu, naye akacheka kile kicheko cha kuanzia puani. Nikaacha cherehani. Nikamwambia, "Wewe ni wa Molo." Akasema, "Umejuaje?" Nikamjibu, "Kwa kicheko. Baba yako ni Kosgei wa pareto." Tulikumbatiana hadi Mhindi akauliza nani amefariki. Ndivyo nilivyojua kwamba bado uko shamba lilelile, bado u karani wa kukausha pareto, na bado unaandika mistari ukutani kwa makaa ukikosa karatasi.

Tangu jana nimekuwa mtoto tena. Nakumbuka Jumamosi zenu. Gazeti lilikuja na gari la moshi la Ijumaa kutoka Nairobi, na baba yangu Dalmas alilileta nyumbani ndani ya shati, juu ya tumbo, kana kwamba ni kifaranga. Ndung'u fundi cherehani alikuja na utepe wake shingoni. Wewe uliteremka na lori la magunia, umejaa harufu ya pareto, ile dawa ya wadudu, na mama alikuwa akikuambia, "Kosgei, kaa pale dirishani, nzi wangu wote wamekufa." Mimi nilipewa kazi ya kushikilia taa wakati wa mvua na kufukuza kuku wakati wa jua.

Nakumbuka siku baba alipokuwa akikutungia matusi ya gazetini akakwama. Nayajua maneno yote mpaka leo:

Baridi u mlimani, wajifunika kondoo,
Wino waganda chupani, unauchota kwa ndoo,
Beti zako za jikoni...

Hapo akakwama. Akauma kalamu. "Kondoo, ndoo... kondoo, ndoo..." Nawe uliyekuwa ukitukanwa ukaruka kutoka kitini: "Weka choo, Dalmas! Weka choo!" Ukapiga meza chai ikamwagika. Baba akaandika mbiombio: *zanuka moshi na choo*. Ndung'u akacheka akateleza kwenye benchi, na mama akatoka jikoni, "Watu wazima watatu, na neno mnalolipenda ni hilo!"

Na nchi nzima, ikiwasoma gazetini Nyundo ya Reli na Baridi ya Molo wakitukanana, ilidhani mnachukiana! Pale stesheni watu walimwuliza baba, "Nyundo, huyo Baridi ukimpata utamfanya nini?" Baba anakunja uso, "Nitamng'oa meno." Na wakati huo wewe ulikuwa nyumbani kwetu ukimaliza maandazi yake kwa meno hayohayo.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Novemba tulipompeleka baba kuzikwa kwetu Bungoma, gari la moshi lilisimama Molo. Nilichungulia dirishani, ukungu ukawa mzito, sikuona mtu. Kwenye mazishi nilitafuta kofia yako katikati ya vichwa vyote. Sikuiona. Nikasema labda hakupata habari.

Halafu Ijumaa iliyofuata shairi lake la mwisho likatoka gazetini. Alinitamkia hospitalini, mimi nikaandika, kwa sababu homa ya mapafu ilikuwa imemwondolea nguvu za mkono. Bila shaka uliliona. Ubeti wa mwisho ulikuwa huu:

Nangoja jibu Baridi, usijifiche shambani,
Kukimbia si ahadi, rudi kwangu uwanjani,
Nyundo hii ni shadidi, inakungoja kazini,
Ukinyamaza Baridi, nitajua umeganda.

Tangu hapo kila Ijumaa nafungua ukurasa wa mashairi kabla sijavua viatu. Baridi ya Molo hajajibu. Wiki hii pia hajajibu. Sheria yenu ilikuwa moja tu, kwamba anayenyamaza ameshindwa. Naomba uniambie, Baba, umenyamaza kwa nini? Ulimkasirikia kweli mwishoni?

Mama anakusalimu. Anasema kiti cha dirishani kipo.

Mwanao,
Naliaka wa Dalmas Khisa


Molo
30 Machi 1957

Kwa binti yangu Naliaka,

Salamu nyingi kama baridi ya huku. Kifua kinakohoa lakini bado ni changu. Mama Jepkoech hajambo, ng'ombe hawajambo, bwana shamba hajambo zaidi ya wote. Magoti ya mama yako yape pole, sauti yake iambie nimeikumbuka.

Barua yako niliisoma nimesimama penye kikaushio mpaka maua yakaanza kuungua, nikagombezwa. Sijali.

Mwanangu, nilikuja.

Nilipata habari kwa watu wa stesheni, na siku ile nilikuwa hapo Molo na gunia la viazi begani, maana sikuweza kuja kwa Dalmas mikono mitupu. Nilipanda behewa la nyuma. Nilijua yumo mbele, nami nikakaa nikimtungia tusi njia nzima, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusafiri naye.

Tulipofika kwenu nilifuata watu kwa miguu. Langoni alisimama mtu mwenye uso wa Dalmas ulionyimwa mzaha. Baba yako mdogo Masinde. Nikampa mkono. Akauliza, "Umetoka wapi?" Nikasema, "Molo." Kijana mmoja akamnong'oneza. Akaniuliza tena, "Ni wewe unayejiita Baridi?" Nami, mjinga, nikajibu kwa majivuno, "Ndiye mimi mwenyewe!" Nilidhani atafurahi kama mama yako anavyofurahi.

Akasema, "Wewe ndiye uliyeandika kwamba ndugu yangu ni nyundo isiyo na mpini. Ilisomwa kwa sauti pale kwenye kinu cha kusaga, watu wakacheka, mimi nikiwa nimeshika gunia langu. Leo umekuja kumalizia?"

Na hapo, Naliaka, nikacheka. Sikumcheka yeye. Nilikumbuka kwamba mstari huo wa nyundo bila mpini alinipa Dalmas mwenyewe, pale mezani kwenu, akanilazimisha niutie. Lakini Masinde aliona mtu anacheka langoni pa msiba. Akachukua fimbo. Nami sikumlaumu. Niliweka gunia chini, nikavua kofia kuelekea nyumba, nikarudi stesheni.

Kwa hiyo usiseme nilimkasirikia. Baba yako alinifanya mtu wa mjini, mimi mtu wa Keringet niliyejifunza kusoma kwa maandishi ya magunia. Kwa Dalmas tu ndiko nilikoitwa mtunzi.

Baba yako mdogo,
Kosgei


Nyumba za Reli, Nakuru
4 Aprili 1957

Baba Baridi,

Salamu ni zilezile, hatujambo, nawe naomba usiwe na jambo, kwa maana siwezi kutulia kuandika vizuri!

Viazi! Vile viazi vikubwa vyenye udongo mweusi! Mimi nilivimenya, Baba! Nilikaa nyuma ya jikoni na shangazi zangu nikauliza, "Viazi vya Molo vimeletwa na nani?" Hakuna aliyejua. Vililiwa vyote na wageni, na Baba Masinde mwenyewe alirudia sahani akisema hajaona viazi vitamu namna ile. Nimemwambia mama. Alikaa chini, kisha akasema, "Masinde amemfukuza mgeni, akala zawadi yake." Halafu akalia, halafu akacheka, halafu akaniambia nitafute nauli.

Pasaka nakwenda Bungoma. Nyamaza hapo ulipo, ningoje.

Mwanao,
Naliaka


Nyumba za Reli, Nakuru
29 Aprili 1957

Kwa Baba Baridi,

Natumaini mvua haijawaletea maua yaliyooza. Mimi nimerudi salama na koo limekauka kwa maneno. Mama anakusalimu na anataka nikusimulie mwanzo hadi mwisho.

Nilimkuta Baba Masinde chini ya upenu akitengeneza jembe. Nikamsalimu vizuri, nikampa sukari, nikaanza. Nikamwambia mlikuwa mkitunga pamoja, mnapeana hata matusi. Akatikisa kichwa. "Mtu akikudhalilisha mbele ya kinu kizima, huyo ni rafiki? Ninyi mmekaa mjini mpaka mmepotelewa na akili." Nikamsimulia habari ya choo. Akasema, "Na hilo unalisimulia kama sifa?" Nikaona nimeshindwa, Baba.

Ndipo akaingia mzee Mukhwana, jirani yao, yule aliyetahiriwa mwaka mmoja na Baba Masinde. Hakubisha hodi. Alisimama uani akapaza sauti, "Masinde! Mzoga wewe, bado hujazikwa? Nimenusa kutoka barabarani!"

Baba Masinde hata hakuinua uso. "Nakungoja utangulie, kichwa kama chungu kilichopasuka. Mkeo alikuoa kwa huruma."

"Na wako anakufunga kamba usile mbegu!"

Wakacheka, wakapigana mabega, Mukhwana akachukua chai ya Baba Masinde akainywa yote. Unajua desturi yetu: watu waliotahiriwa pamoja hutukanana watakavyo, hata matangani, na anayekasirika ndiye mwenye aibu.

Nikasimama. Nikasema, "Baba, nichukue fimbo nimfukuze? Amekuita mzoga. Mbele yangu."

Baba Masinde akacheka, "Huyu? Huyu ni wa rika..." Akaliangalia jembe lake. Mukhwana akauliza, "Nini? Nani amekufa tena?"

Baba Masinde akasema polepole, "Lakini Dalmas na yule Mnandi hawakutahiriwa pamoja." Kwake watu wote wa huko juu ni Wanandi, umsamehe. Nikamwambia, "Hawakutahiriwa pamoja, walichapishwa pamoja. Jumamosi zote nilizokuwa mtoto." Akauliza, "Na viazi vilikuwa vyake?" Nikasema vilikuwa vyako. Akaenda kuchungulia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuchunguliwa. Aliporudi akasema, "Novemba tutafanya ibada ya ukumbusho na kujengea kaburi. Mwambie aje. Mwambie lango halina mtu."

Baba! Lango halina mtu!

Lakini na yeye ana swali, lilelile la kwangu. Kule kinuni walisoma shairi la mwisho la baba, na kila Ijumaa wanauliza kama Baridi amejibu. Jibu, basi. Ukijibu gazetini, utakuja Novemba kichwa juu.

Mwanao,
Naliaka


Molo
11 Juni 1957

Kwa binti yangu Naliaka,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Huku tu wazima, ndama wawili wamezaliwa na mmoja nimempa jina la Mukhwana kwa sababu ya kichwa chake. Mama Jepkoech alinilazimisha nimsomee barua yako tena na tena, na kila ikifika mzoga anajishika mbavu.

Mwambie Masinde nashukuru. Umefanya kazi ambayo mimi nisingeiweza.

Lakini kujibu gazetini, hapana, mwanangu. Usidhani sijajaribu. Ukuta wa kikaushio umejaa makaa. Sikiliza nikueleze. Sheria yetu unaijua, anayenyamaza ameshindwa. Nikijibu, Dalmas hawezi kunijibu. Basi nitakuwa nimemshinda mtu aliye kaburini, na jina langu litabaki juu ya lake. Nikinyamaza, nimeshindwa mimi, na Nyundo ya Reli ndiye mshindi mbele ya nchi nzima, milele. Sina kitu kingine cha kumpa. Acha wa kinuni waseme nimeganda. Acha waseme.

Na tena nimjibu mbele ya nani? Ndung'u ndiye aliyekuwa refa wetu. Wewe unakumbuka alivyokuwa akipuliza kifundo cha kidole kama filimbi mmoja wetu akipoteza vina. Tangu askari walipomchukua pamoja na Wakikuyu wenzake mwaka ule wa hamsini na tatu, wakati wa Hali ya Hatari, sijui kama yu hai. Dalmas alimpa gazeti kupitia dirisha la behewa lililowapeleka kizuizini, hilo aliniambia. Hakuniambia zaidi.

Mmoja kachukuliwa, mmoja kazikwa. Uwanja hauna mtu, Naliaka. Mtu hachezi mpira peke yake.

Novemba nitakuja, kama lango ni kweli halina mtu. Nitakaa nyuma.

Baba yako mdogo,
Kosgei


Nyumba za Reli, Nakuru
6 Julai 1957

Kwa Baba Baridi,

Pole kwa baridi ya mwezi huu, hata huku tumeanza kuvaa sweta, na ziwa asubuhi halionekani, ni ndege heroe tu wanaosikika. Mama hajambo. Anasema ndama asiitwe Mukhwana, atakuwa mvivu.

Barua yako niliibeba mfukoni mwa aproni wiki nzima. Nilitaka kukutii. Lakini kila nikikanyaga cherehani, namsikia baba hospitalini. Nilipomaliza kuandika ule ubeti nilimwambia, "Baba, safari hii umemmaliza." Akafumba macho, akacheka bila pumzi, akasema, "Nani anataka kummaliza? Nataka kusikia atasema nini." Hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja, Baba. Hakuwa akingoja ushindi. Kila asubuhi aliniuliza ni Ijumaa?

Na kuhusu uwanja hauna mtu: mlikuwa na mtu wa nne ambaye hamkumhesabu. Alishikilia taa. Alifukuza kuku. Ndung'u alimfundisha kutoboa tundu la kifungo huku akimfundisha kuhesabu mizani kwa vidole, na kila mlipoandika ubeti wa mwisho wa salamu, ule wa kuwataja jamaa na marafiki, alikuwa akivuta shati la baba yake, "Na mimi! Nitajeni na mimi!" Mkamtaja mara moja tu, nayo alikwenda kuwaonyesha watoto wote wa reli.

Nimesoma hadi darasa la sita, sijui maneno makubwa. Lakini nimekaa na kalamu. Tafadhali keti kabla hujasoma.

Mimi ni mpini wake, Nyundo haijalala,
Baridi usiinuke, ukadhani umekula,
Viazi vyako upike, uje kwetu na chakula,
Jibu lako uliweke, mbele ya kaburi lake.

Umeona? Sasa ukijibu, kuna wa kukujibu. Humshindi maiti, utapigana na mimi, na sina huruma. Nimeshaupeleka gazetini! Nimeweka jina Mpini wa Nyundo, Nakuru. Nilipotumbukiza bahasha katika sanduku la posta nilitaka kuirudisha, mkono haukuingia.

Mwanao, na kuanzia leo adui yako,
Naliaka


Nyumba za Reli, Nakuru
21 Septemba 1957

Kwa Baba Baridi,

Hamjambo? Sisi hatujambo. Nimeona niulize kama barua yangu ya Julai ilifika.

Ubeti wangu ulitoka! Mwezi uliopita, chini kabisa ya ukurasa, pembeni mwa tangazo la sabuni. Watu wa stesheni wanaulizana Mpini ni nani, na mpiga kengele ameapa ni mwalimu mmoja wa Naivasha. Mama ameukata akaubandika juu ya kiti cha dirishani. Mimi nafungua gazeti kila Ijumaa na viatu miguuni.

Kama nimekukosea heshima, niambie tu. Nilifikiri utacheka.

Mwanao,
Naliaka


Molo
19 Oktoba 1957

Kwa Mpini, adui wangu, binti yangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nilikuwa nimelazwa, kifua kilinikamata mwanzoni mwa Julai na hakikutaka kuniachia, na Mama Jepkoech alificha barua zote kwamba kusoma kunaongeza homa. Sasa natembea, nanung'unika, nimepona.

Barua zako alinipa Jumapili baada ya kanisa. Nilisoma ubeti nikiwa nimeketi, kama ulivyoagiza. Halafu nilisimama. Halafu nilitoka nje bila kofia nikausoma kwa sauti, kondoo wa bwana shamba wakakimbia. Mama Jepkoech alidhani nimerukwa na akili. Nilimwambia, "Nimetukanwa! Nimetukanwa na mtoto wa Dalmas! Leteni makaa!"

Na sasa nikuambie, ewe mtoto wa kuku: mstari wako wa kwanza umepungua mizani moja. "Nyundo haijalala", hesabu kwa vidole ulivyofundishwa. Sema "na Nyundo haijalala" ndipo itimie. Unakuja vitani na bunduki iliyopungukiwa risasi moja, halafu unaniagiza nikupikie viazi! Baba yako angekuficha chini ya meza kwa aibu. Ndung'u angepuliza kidole mpaka kivimbe.

Nimeomba ruhusa kwa bwana shamba kwa ajili ya Novemba. Amekubali. Nitapanda gari la moshi lenu Molo, na gunia begani. Wewe kaa dirishani upande wa kulia, hata ukungu ukiwa mzito nitapiga mluzi.

Jibu naliandika. Beti za katikati bado zinanisumbua, maana kuna moja ya kumtukana Dalmas, moja ya kukutukana wewe, na Masinde naye lazima apate yake, nimemwandalia kitu kuhusu sahani mbili za viazi. Lakini mstari wa kituo nimeupata tangu siku ile ya kondoo, na sitaubadili:

Sikuganda, ewe Nyundo, nilikuwa nikilia.

Najua. Sheria ya Ndung'u ilikataza machozi uwanjani. Aniadhibu akirudi.

Baba yako mdogo,
Baridi ya Molo


Nyumba za Reli, Nakuru
26 Oktoba 1957

Kwa Baba Baridi,

Ashukuriwe Mungu umepona! Vaa sweta, na usisome nje bila kofia, hata kama umetukanwa.

Mizani nimehesabu. Ni kweli imepungua, nimeona haya peke yangu. Lakini ilishachapishwa, basi wewe utafanya nini?

Mstari wako nilimsomea mama jikoni. Alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua, lakini nikaona anatupa mazima na kuweka mabovu bakulini, nikamwacha. Baadaye akasema, "Mwambie akija asikae nyuma. Akae na sisi." Nami nimemwandikia Baba Masinde. Amejibu kwa mkono wa mwanafunzi mmoja wa huko, maneno machache: mzoga huyo wa Molo aje, na kama hana viazi arudi alikotoka. Baba, amekuita mzoga! Nilipofika hapo niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Hata pale kinuni wameambiwa. Siku ya ibada wanataka jibu lisomwe kaburini kwanza, kisha ndipo liende gazetini. Nimewaambia utasoma mwenyewe, na kwamba sauti yako ni mbaya.

Nitakaa dirishani upande wa kulia. Piga mluzi kwa nguvu.

Nina ombi moja tu kabla hujamaliza kutunga. Ukifika ubeti wa mwisho, ule wa salamu, mtaje Ndung'u, labda huko aliko gazeti humfikia. Na kama mizani itakuwa imebaki hata kidogo, na mimi pia unikumbuke.

Mwanao,
Naliaka